Herufi Nne Nyuma ya Gari la Mwalimu

Katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu, hakukuwa na msusi wa polepole kama Kanini, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kichwa ambacho saluni nyingine hukimaliza kwa saa tatu, yeye hukishika asubuhi na kukiachilia watoto wakitoka shule. Kabla ya kufungua chumba chake cha saluni alikuwa amefukuzwa kazi mara mbili kwa sababu hiyo hiyo. Chumba chenyewe kilibanwa kati ya gereji ya Mwenda na duka la chakula cha kuku. Wateja waliobaki naye walikuwa wanawake waliochoka kuvutwa nywele mpaka machozi yakawatoka. Kwa Kanini mtu alisinzia kitini. Wengine walikoroma, na hakuwaamsha.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, mama wa msichana mmoja aliyekuwa shule ya bweni. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini kicheko chake kilisikika mpaka kituo cha bodaboda.

Ijumaa moja ya Februari, jua likiwa limeshapanda, Kanini alikuwa akimsuka mama mmoja wa Kiritiri aitwaye Marigu. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha kusukwa, nusu ya pili imesimama kama nyasi kavu. Marigu alikuwa na shughuli kubwa. Kesho yake, yeye na mumewe, Mwalimu Ndwiga, walikuwa wanakwenda Nkubu, huko Meru, kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina Kinya, msichana ambaye mwana wao Mugambi alitaka kumwoa. Mbuzi walikuwa wameshatangulizwa, asali iko tayari, blanketi zimefungwa. Kilichobaki ni nywele za Marigu na gari.

"Gari lina shida gani?" Kanini aliuliza.

Marigu alianza kueleza, akashikwa na kicheko, akashindwa. Alianza tena, akashindwa tena.

"Atakuja mwenyewe utamwona," alisema akijifuta macho. "Lakini tafadhali usicheke mbele yake. Yeye hii kitu imemkwaza."

Haikupita nusu saa, Mwalimu Ndwiga akasimama mlangoni. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote hata kwenye joto lile.

"Mama Mugambi, toka twende," alisema. "Tutakodi gari lingine."

"Nitoke na kichwa hiki, Baba Mugambi? Keti kwanza. Mwenda ameshindwa?"

"Ameshindwa! Ameniharibia hata pale palipokuwa pazuri!"

Kanini alichungulia nje. Mbele ya gereji palikuwa na gari la kijani, refu nyuma, lile la kubebea watu na mizigo. Kwenye mlango wa buti palikuwa na herufi nne kubwa za plastiki zinazong'aa kama fedha: FISI.

Kanini aliuma mdomo. Aliangalia sakafu. Marigu aliuona uso wake, na hapo wote wawili wakaachilia kicheko, Mwalimu akabaki amesimama kati yao kama mtu aliyenyeshewa na mvua akiwa ndani ya nyumba.

Alipokubali kuketi, alieleza mwenyewe. Gari lilikuwa la kampuni moja ya kusambaza viti na karatasi, iliyoliuza kwa sababu ilitaka kubwa zaidi. Nyuma palikuwa pameandikwa KILA KITU CHA OFISI. Walipolitayarisha kwa kuuza, walibandua herufi nyingi wakapaka rangi pale zilipokuwa, lakini neno la mwisho lilikuwa limeshika sana, wakaliacha. Mwalimu hakujali. Aliona neno OFISI linampa mtu mstaafu heshima kidogo. Kisha wiki tatu zilizopita, kwenye ile barabara ya mawe ya kwenda Kiambere, herufi O ikadondoka na rangi iliyokuwa chini yake, isionekane tena.

"Tangu siku hiyo sina amani," Mwalimu alisema. "Nikipita sokoni Kiritiri, watu wananisalimia kwa jina hilo. Juzi kanisani mchungaji ametangaza, 'Mwenye gari la kijani amefunga njia, tafadhali alisogeze.' Kanisa zima likageuka kuniangalia. Hata kwaya! Na mnajua vijana wa siku hizi wakimwita mwanamume fisi wanamaanisha nini."

"Wanamaanisha anakimbiza wanawake," Marigu alisema.

"Asante, Mama Mugambi. Sasa niambieni, naenda kwa watu kuomba binti yao, mgongoni nimeandikwa hivyo?"

Kule gereji, Mwenda alikuwa ameingiza bisibisi chini ya herufi F akaikaza kwa nguvu. Herufi haikutoka, ila rangi ilichunika mstari mrefu kama kidole. Mwenda hakuwa fundi mbaya, injini zilimsikia. Lakini alitaka kila kitu kimalizike kabla chai haijapoa.

Kanini alitoka nje akalizunguka lile gari, mikono bado ina mafuta ya nywele. Aliinama, akaigusa herufi I kwa ukucha, akanusa.

"Hii imeshikwa na gundi," alisema. "Haina skrubu."

"Ni gundi ya kiwanda, madam," Mwenda alijitetea. "Imekaa kwa jua miaka. Hiyo hata nyundo haitoi."

"Mimi natoa gundi kwa vichwa vya watu kila siku, Mwenda. Mwanamke anakuja amebandika nywele kwa gundi, zimeshika mpaka ngozi. Nikivuta, natoka na ngozi. Basi huwa sivuti."

"Wafanyaje?" aliuliza Mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na hasira.

"Naipasha moto kwanza, ilegee. Halafu uzi. Halafu mafuta. Lisogeze gari hapa mlangoni."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Kanini alivuta waya wa stima kutoka ndani, akaunganisha draya yake ya kukausha nywele, akampa Marigu aishike. Marigu alisimama kando ya barabara na nusu ya kichwa kilichosukwa, taulo mabegani, akiupulizia mlango wa buti hewa ya moto kana kwamba ni mteja. Kanini alikata uzi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea nywele za bandia, akauzungusha kwenye vidole vya mikono yote miwili. Herufi ilipopata moto wa kutosha, alipitisha uzi nyuma yake, akaanza kuusogeza kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila pupa.

"Anza na F!" Mwalimu alisema. "Hiyo F ndiyo yenye matata."

Kanini alianza na F. Ilichukua muda mrefu hata mwenye duka la chakula cha kuku akaleta kiti chake nje. Bodaboda watatu waliokuwa hawana abiria walisogea. Uzi ulikatika mara mbili, na mara zote mbili Kanini alikata mwingine akaendelea. Kisha F ikatoka. Ilianguka mkononi mwake nzima, haina hata ufa. Watu walipiga makofi.

"Sasa ni ISI," alisema mmoja wa bodaboda, aliyeitwa Kiambi. "Wazee, hiyo iko sawa. Acheni tu hapo."

"Endelea, mama," Mwalimu alisema.

I ya kwanza ilitoka kwa urahisi zaidi, ikabaki SI.

"Si nini?" Kiambi aliuliza kwa sauti. "Mwalimu, si nini? Maliza sentensi!"

Hata Mwalimu alitabasamu kidogo, akageuza uso asionekane. Ni wakati huo huo draya ilipokohoa ikanyamaza. Redio ya duka la chakula cha kuku nayo ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima.

Mwalimu aliangalia saa. Marigu aliangalia draya. Mwenda alifungua mdomo kutaja bisibisi, akafikiri vizuri, akaufunga. Lakini Kanini alikuwa ameshaingia ndani. Kila msusi ana sufuria ya maji moto ya kuchovya ncha za nywele akimaliza kusuka, zisifumuke, na yake ilikuwa juu ya jiko la makaa tangu asubuhi kwa ajili ya Marigu. Alirudi nayo, akachovya taulo jingine, akalikamua kwa uangalifu, akalikandamiza juu ya S.

"Mama Mugambi, samahani, haya yalikuwa maji yako," alisema.

"Tumia. Mimi kichwa changu hakiendi kuoa."

S ilitoka. I ya mwisho ikatoka. Yalibaki mabaka ya gundi nyeusi, na Kanini aliyapaka mafuta ya nazi, akasubiri, akayasugua kwa kidole gumba mpaka gundi ikajikunja kama uchafu wa kifutio. Mwenda alileta ndoo ya maji na sabuni, wakaosha, wakapangusa kwa kitambaa safi. Kanini alirudi nyuma hatua tatu aiangalie kazi yake.

Jua la mchana lilikuwa limeupiga mlango ule sawasawa. Rangi ya kijani yote ilikuwa imepauka kwa miaka ya jua, isipokuwa pale herufi zilipokuwa zimeifunika. Pale ilikuwa bado mpya, kijani kilichokolea. Na palisomeka vizuri kabisa, hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara: FISI.

Kiambi ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata. Walicheka wakishikana mabega. Mwenye duka la chakula cha kuku aliteremka kitini. Kanini alijaribu kujizuia kwa ajili ya Mwalimu, lakini alipomwona Marigu amejiegemeza kwenye gari akilia kwa kicheko na lile taulo limeanguka, alishindwa.

Mwalimu Ndwiga aliketi kwenye benchi la saluni. Alivua miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Kanini akaogopa kwamba mzee wa watu analia. Akamkaribia.

"Mwalimu, pole. Bado hatujamaliza."

"Miaka thelathini na tatu," Mwalimu alisema, na Kanini akaona kwamba alikuwa anacheka, anacheka mpaka hawezi kuvuta pumzi, "nimefundisha watoto kufuta ubao! Na siku zote nikiwaambia, nyinyi hamfuti vizuri, maandishi bado naona!"

Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wote. Mwenda alikimbia gereji akarudi na kopo la dawa ya kusugulia rangi iliyopauka, akasema hiyo hatalipisha, kwa sababu ya ule mkwaruzo. Alianza kusugua kwa haraka kama kawaida yake. Kanini alimshika mkono.

"Polepole. Kwa duara. Kama unamwosha mtu kichwa na hutaki povu limwingie machoni."

Mwenda alijifunza. Walipokezana kusugua mlango wote wa buti, Mwenda, Kanini, Kiambi, hata Mwalimu akavua lile koti akakunja mikono ya shati. Kadiri rangi iliyopauka ilivyoamka, ndivyo herufi zilivyozama ndani yake. Mwenda alitafuta rangi ya kijani inayokaribiana, akauziba mkwaruzo wa F na pale pa O kwa brashi ndogo ya rangi za kucha kutoka kwenye kabati la Kanini. Jioni ilipofika, mtu angehitaji kuinama na kujua anachotafuta ili aone kitu.

Hapo ndipo Marigu alipogusa kichwa chake.

"Kanini! Na mimi?"

Nusu ya nywele ilikuwa bado imesimama, stima haikuwa imerudi, na walitakiwa kuondoka Embu alfajiri. Kanini aliwaza kidogo. Mtu mwingine angemalizia harakaharaka, lakini haraka yeye hakuwa nayo hata ya kuazima.

"Kesho nakuja na nyinyi," alisema. "Nitakusuka njiani."

Na ndivyo alivyofanya. Walimpitia saluni asubuhi, Mugambi ameketi mbele na baba yake, amevaa tai. Kwenye kiti cha nyuma Kanini alipiga magoti kando ya Marigu na kitana mdomoni. Walipopita Runyenjes, kusuka kulikuwa kisogoni. Walipopita Chuka, kulikuwa juu ya sikio. Kwenye kona kali Mwalimu alitangaza, "Kona!" na Kanini akainua mikono juu mpaka gari linyooke. Karibu na Chogoria, mlima ulipojitokeza wote bila wingu, Marigu alikuwa amelala, na msuko wa mwisho ulifungwa wakishuka kuingia Nkubu.

Lango la kina Kinya lilikuwa limefungwa, kama desturi ilivyo, na ndani wanawake walikuwa wakiimba. Wageni walishuka, wakajipanga, wakasubiri kujibizana kwa nyimbo kabla ya kufunguliwa. Marigu, ambaye Kimeru cha wenyeji hakikuwa mbali na Kimbeere chake, alitega sikio. Ghafla akashika mkono wa mumewe.

"Baba Mugambi, unasikia wanachoimba?"

"Nasikia sauti tu."

"Wanaimba kwamba mbuzi wote wamefungiwa. Kwamba kuku wamepandishwa darini. Kwa sababu wamesikia kuna fisi anatoka Embu."

Mwalimu alimgeukia mwanawe polepole. Mugambi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilimtumia Kinya picha, Baba," alisema. "Wiki tatu zilizopita. Sikujua ataonyesha shangazi zake."

Mwalimu aliangalia gari, kisha barabara waliyojia. Juzi angerudi nyumbani. Lakini jana alikuwa amecheka mpaka akaishiwa pumzi, na labda mtu akicheka hivyo mara moja, kitu fulani humlegea. Alikohoa kidogo, akasogea mpaka kwenye lango.

"Wamama wa Nkubu!" aliita kwa sauti ya paredi ya shule. "Fungueni mje mkague! Someni nyuma ya gari hili. Mkimwona fisi, sisi tunageuza tunarudi!"

Lango lilifunguliwa kwa vigelegele. Mama yake Kinya, aliyeitwa Ntinyari, alitangulia, shangazi watano nyuma yake. Walilizunguka gari, wakainama kwenye buti, wakaligusagusa. Shangazi mmoja mzee aliweka jicho karibu na rangi kama mtu anayetafuta funza.

"Mimi naona alama ya kucha zake," alisema. "Alikuwa hapa."

"Alikuwa hapo," Mwalimu alikubali. "Ameng'olewa jana. Aliyemng'oa ni huyu." Akamsukuma Kanini mbele.

Kanini, aliyekuja kama msusi tu na aproni yake ikiwa bado kiunoni, alijikuta amezungukwa. Ntinyari alimtazama juu mpaka chini.

"Ulitumia nini?"

"Uzi, mama. Na maji moto ya nywele."

Walimbeba. Walimwinua juujuu mpaka ndani ya boma, wakiimba wimbo ambao hakuuelewa ila jina lake lilikuwamo. Baba yake Kinya, Mzee Kailemia, aliwapokea mlangoni. Alimshika Mwalimu mkono, asiuachie kwa muda.

"Mkwe," alisema, "mimi ndiye niliyewaambia waimbe hivyo. Nilitaka kuona kama utakasirika."

"Na ningekasirika?"

"Tungekula tu. Lakini tungekula kimya."

Siku ile hawakula kimya. Mazungumzo ya wazee yalimalizika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mbuzi waliodaiwa kufungiwa walikuwa wamechomwa zamani. Kinya, bibi arusi mtarajiwa, alimvuta Kanini kando akamwomba amsuke siku ya harusi. Kanini alimwonya kuhusu vidole vyake vya polepole. Kinya akasema basi wataanza Alhamisi, siku mbili kabla.

Habari ilifika Embu kabla yao, maana Kiambi alikuwa amepiga picha za kila hatua. Jumatatu palikuwa na muuguzi mbele ya saluni: alikuwa amenunua gari lililobandikwa jina la timu ya mpira ambayo yeye hakuipenda. Baada yake akaja kijana aliyetaka alama zote za gari lake zitolewe, mbele na nyuma, libaki laini kama yai. Akaja mwingine aliyetaka itolewe alama ya gari lake la kawaida ili abandike ya gari la kifahari. Huyo Kanini alimtolea, lakini kubandika alikataa, akamwambia yeye kazi yake ni kutoa. Wale wasio na hati ya gari hakuwagusa kabisa. Mwenda mwenyewe aliacha kugusa herufi. Mteja akimwuliza, alimwelekeza mlango wa pili na kusema, "Mwone daktari." Siku za kusuka zilibaki za kusuka. Magari aliyapa Jumanne na Alhamisi.

Mwalimu Ndwiga alitaka kumlipa, Kanini akakataa, wakabishana, mwishowe Mwalimu akamwuliza kuna kitu gani alichowahi kutaka kujifunza na hajajifunza. Kanini alisema, kwa haya kidogo, kuendesha gari. Alikuwa ameshika magari mengi kwa nje na hajawahi kuketi kwenye usukani.

Basi Jumapili baada ya ibada, Mwalimu alimfundisha kwenye uwanja wa shule huko Kiritiri, akiwa na filimbi shingoni. Siku za wiki Kanini alikuwa na mwalimu mwingine wa leseni mjini, lakini alisema yule wa filimbi ndiye aliyemfundisha kweli. Mwezi wa sita akafaulu mtihani.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alimpa funguo, akaketi upande wa abiria, na Kanini akaendesha mpaka Kiambere, alikozaliwa. Vumbi liliwafuata njia nzima. Walipofika juu ya kilima bwawa likaonekana chini, bluu tupu, na Kanini akapiga honi ingawa barabara haikuwa na mtu. Mama yake alikuwa uani akipepeta ndengu. Alisimama na ungo mkononi, akamwona Mwalimu kwanza, halafu akaona nani ameshika usukani. Aliweka ungo chini. Alifungua mlango wa nyuma akaingia, akajifunga mkanda, akajipangusa makapi mapajani.

"Tupite kwa Mama Gitari," alisema. "Halafu kanisani. Halafu sokoni, hata kama kumefungwa. Nataka wanione."